Maneno yote nayajua ila sentensi siielewi, niache Kiswahili nichukue Jografia?

Shikamoo Bi Mwalimu,

Naomba unishauri maana hili jambo limenikaa kichwani na nyumbani kila mtu ananipa jibu lake. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chikongola hapa Mtwara mjini, asubuhi nauza vitumbua na chai karibu na stendi, mchana nikishaosha vyombo ndo nakaa na madaftari. Fomu foo nilimaliza zamani, nikaolewa, mambo ya shule yakaishia hapo, sa hivi watoto wamekua kidogo nimejipanga nifanye mtihani wa fomu siksi kama mtahiniwa wa kujitegemea, kombi yangu ni HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza.

Historia inaenda, Kiingereza nakomaa nacho hivyohivyo, kinachonitesa ni Kiswahili na ndo somo nililokuwa nalipenda kuliko yote. Sarufi yenyewe sina shida nayo kabisa, ukinipa "Mtoto aliyekuja jana ameondoka" nakuonyesha kishazi huru kiko wapi na kishazi tegemezi kiko wapi, nachora na jedwali. Ila nikifungua maandishi ya zamani, tenzi na hata hadithi ndefundefu za zamani, yaani nakwama. Kamusi ninayo, maneno magumu nayatafuta yote naandika pembeni, nikimaliza nasoma tena ubeti na bado sijui unasema nini.

Nikupe mfano. Tuisheni tulipewa beti za Mwana Kupona, hizi:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamuka
neno lema kukwambia

Ule wa kwanza niliandika kwamba binti anayesemwa ni mchache wa kusikia wasia. Wa pili nikaandika kwamba maradhi yamekaa mwaka mzima na hayakupata kutamka neno. Vyote nikawekewa kosa. Siku nyingine tukapewa mistari ya utenzi wa Al-Inkishafi, "Nyumba kati zao huvuma mende, kumbi za msana hulia ngende", nikaelezea kwamba nyumba zao zinavuma kama mende, darasa zima likacheka.

Mwalimu wa tuisheni nilimuuliza nifanyeje akaniambia nisihangaike na sentensi moja moja, nishike dhamira na ujumbe inatosha. Mwenzangu mmoja tunayesoma naye akasema hivi vitu ni vya watu wa pwani, sisi tuliotoka Newala tukakulia kwenye Kimakonde Kiswahili tumekikuta shuleni kwahiyo tusijisumbue. Hiyo iliniuma kweli. Baba watoto naye anasema kama ni mateso hivi si ubadili tu uchukue Jografia uwe HGL, kwani lazima Kiswahili?

Bi Mwalimu naomba uniambie ukweli, shida ni mimi? Na nibadili au nisibadili?

Mama wa vitumbua, Mtwara

*

Marahaba mwanangu, pole na kazi, na hongera kwa kurudi kwenye madaftari ukiwa na familia na biashara.

Lile la haraka nikujibu kwanza maana usajili haumsubiri mtu: usibadili kombi. Na sikwambii hivyo kukufariji. Nimeyasoma makosa yako matatu na yote yana chanzo kimoja, na mtu ambaye makosa yake yana chanzo kimoja yuko karibu sana kuelewa, anayetisha ni yule anayekosea kila mara kivyake. Wewe unaanza na maneno, ukishayajua unayapanga kwa ule mpangilio tuliouzoea wa mtenda mbele, kitenzi katikati, mtendwa nyuma. Kwenye maongezi ya stendi mpangilio huo unakufikisha. Kwenye utenzi haukufikishi, na kamusi nayo haiwezi kukuokoa hapo kwa sababu kamusi inakupa maana ya neno, haikwambii nani kamfanya nani nini.

Kwanini mshairi asipange kawaida? Hebu angalia mzigo aliojibebesha. Kila ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane, vipande vitatu vya mwanzo vinafuatana vina na cha nne kinabeba kina kimoja kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, na Mwana Kupona binti Mshamu aliusuka hivyo kwa beti mia na ushee, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, akimuusia mwanae Mwana Hashima. Hesabu "ne-ge-ma wa-ngu bi-n-ti", hiyo n ya binti nayo inahesabiwa, jumla nane. Sasa ili vina vikae, binti lazima aende mwisho wa kipande ndo maana ni "wangu binti" badala ya "binti wangu", na "kukwambia" lazima iende mwisho wa ubeti. Viunganishi vidogovidogo kama la, ya, ili, ambavyo ndo tunavitegemea kujua kipi kinamilikiwa na kipi, vinadondoshwa ili mizani isizidi. Kinachobaki bila kuguswa ni kitenzi na viambishi vyake. Hivyo mshairi hawezi kuvidondosha ovyo, vikiondoka sentensi inakufa.

Kwahiyo utaratibu wako ugeuze kabisa. Ukipewa ubeti usifungue kamusi. Chukua kalamu uzungushie vitenzi tu, halafu kwa kila kitenzi uliza viambishi vyake: kile cha mwanzo kinamtaja nani, na kama kuna kingine katikati chenyewe kinamtaja nani. Ukishajua hayo ndo urudi kwenye majina uyagawe kila moja kwa kitenzi chake. Maana ya maneno magumu iwe ya mwisho.

Tufanye pamoja huo ubeti wa kwanza. Vitenzi viko vitatu: negema, upulike, ukazingatia. Negema haina kiambishi cha nafsi mbele, haina na wakati, hiyo ni amri, kama njoo au sogea, na maana yake ndo hiyo, sogea karibu. Amri anapewa nani? Aliye mbele ya msemaji, yaani wewe. Upulike ina u- ya wewe na inaishia na -e. Ukazingatia ina u- ileile na -ka-. Basi kabla hujajua neno hata moja gumu ushajua kwamba vitenzi vyote vitatu vina mtu mmoja, anayeambiwa. Sasa hiyo -e baada ya amri mbona unaijua vizuri, kila asubuhi unaitumia kwa wateja: "Njoo ukae unywe chai, huenda ukashiba." Njoo ni amri, ukae na unywe ni kile anachoitiwa, ukashiba ni matokeo unayoyatarajia. Mwana Kupona kajenga vilevile, sogea usikie wasia, huenda ukauzingatia. Hakuna tofauti yoyote ya muundo kati ya sentensi yake na yako, mwanangu, kuna tofauti ya miaka tu.

Yamebaki "wangu binti" na "mchachefu wa sanati". Hayana kitenzi, kwahiyo hayawezi kuwa sentensi yenyewe, ni maelezo ya huyo anayeitwa. Hapo ndo ulipokwama, uliposoma mchachefu ukaendelea moja kwa moja mpaka upulike ukaunganisha, ikawa mchache wa kusikia. Lakini upulike ni kitenzi kamili chenye nafsi yake, hakiwezi kuwa mkia wa mchachefu. Mkia wa mchachefu ni "wa sanati", mchache wa miaka, yaani mdogo wa umri. Ukiandika kwa nathari unapata: Binti yangu uliye mdogo wa umri, sogea usikie wasia, huenda ukauzingatia. Ubeti mzima ni sentensi moja.

Wa pili ndo mzuri zaidi kwa kufundishia. Yamenishika, yametimu, sikupata. Ya-, ya-, si-. Umeona? Viwili vya mwanzo vina ya- ambayo kwenye ubeti ule haina mwenye nayo isipokuwa maradhi. Cha tatu kina si-, na si- kwenye Kiswahili, cha Lamu, cha Kilwa, cha Newala, ni mimi basi. Haiwezi kuwa maradhi hata kidogo, maradhi yangekuwa "hayakupata". Kwahiyo kati ya kipande cha pili na cha tatu mwenye kitenzi kabadilika, na mshairi hajakupigia hodi kukwambia nabadilisha, hakuweka "mimi" wala "nami", kakuachia herufi mbili tu. Wewe ulikuwa bado umebeba maradhi kichwani ukayashusha kwenye kitenzi kisichokuwa chake. Msomaji wa tenzi anatakiwa kila akikuta kitenzi kipya auulize upya ule mwanzo wake, hata kama ana uhakika mwenyewe ni yuleyule wa nyuma.

Hiyo "hata" hapo katikati pia inawapoteza wengi, sisi leo tunaisikia kama "hata kidogo" au "hata wewe", kwa wazee ni mpaka. Maradhi yamenishika mpaka yametimiza mwaka. Mwisho kuna "neno lema kukwambia", lema ni jema, na kuna "la" iliyodondoka, neno jema la kukwambia. Nami sikupata kutamka neno jema la kukwambia. Mama wa watu anaumwa mwaka mzima na kinachomuuma zaidi ni kwamba hajamwambia mwanae neno. Mwalimu wako anakwambia ushike ujumbe, haya, ujumbe huo utaushikaje kama hujui aliyenyamaza ni nani? Kwenye jibu lako aliyenyamaza ni ugonjwa, mama hayupo. Dhamira inatoka ndani ya sentensi, haielei juu yake, na mimi siwezi kukubaliana na mtu anayewafundisha watahiniwa kuruka sentensi.

Tuje kwenye mende waliochekesha darasa. Wenzako walikosea kucheka, maana huo mstari una mtego wa kweli na nina hakika wengi wao hawajui mtego wenyewe uko wapi. Al-Inkishafi aliitunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir miaka kama 200 iliyopita, anaangalia majumba ya matajiri wa Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, yaliyokwisha na kubaki magofu. "Nyumba kati zao huvuma mende." Zungushia kitenzi: huvuma. Sasa muulize nani, hakujibu. Hiyo hu- ya mazoea haina nafsi wala ngeli, ni ileile kwa mimi, kwa wewe, kwa nyumba, kwa mende. Angesema "wavuma" ungejua ni mende, angesema "zavuma" ungejua ni nyumba, lakini kasema huvuma kwahiyo mlango wa viambishi umefungwa.

Hapo unatafuta alama nyingine, na ipo, ni "kati". Kati inasema mahali. "Nyumba kati zao" ni katikati ya nyumba zao, na ukishajua jina la mbele ni mahali, mtenda lazima awe yule aliyebaki nyuma ya kitenzi. Mende huvuma katikati ya nyumba zao. Kumbi za msana, yaani za mchana, nazo ni mahali, ngende, yaani nyenje, ndo wanaolia humo. Hata sisi tunasema "nyumbani kumeingia siafu", mahali mbele, mwenye kufanya nyuma, hakuna anayedhani nyumba imeingia siafu. Na mshairi hakupanga hivyo kwa kubahatisha au kwa ajili ya kina peke yake, soma kwa sauti usikie: nyumba inatajwa kwanza, unaingia ndani ukitegemea watu, unasikia uvumi, na anayevuma anatajwa mwisho kabisa, ni mende. Ukiipanga kawaida "mende huvuma katikati ya nyumba zao" habari ni ileile ila pigo limepotea. Ndo maana nasema sarufi na uzuri wa shairi ni kitu kimoja, ukiruka kimoja umeruka na kingine.

Sasa hili la Kimakonde naomba ulisikilize vizuri maana limeniudhi. Kwanza, Mtwara na Lindi ni pwani, na Kilwa ilikuwa na watu wanaandika habari zao kabla ya miji mingi ya leo haijaanza. Pwani yetu hii ina lahaja yake, Kimgao. Utenzi wa vita vya Maji Maji, ile vita ya 1905 mpaka 1907, aliutunga Abdul Karim bin Jamaliddini akiwa hapahapa Lindi. Habari za kale za Kilwa, Lindi, Sudi na Mikindani zilichapwa Ujerumani mwaka 1907 kwenye kitabu cha Carl Velten. Kwahiyo huyo mwenzako anayesema haya mambo ni ya watu wa pwani sijui yeye anadhani anaishi wapi.

Pili, na hili ndo kubwa, Kimakonde chako ni mtaji. Ndani ya Al-Inkishafi hiyohiyo kuna mstari unasema "Madaka ya nyumba ya zisahani, sasa walaliye wana wa nyuni." Mtu aliyekulia Kiswahili cha mjini peke yake akiona walaliye anaganda, anaitafuta kwenye kamusi haioni. Ile -iye ya mwisho ni -ile ya zamani iliyodondosha l, ni alama ya jambo lililokwisha kutendeka, na -ile hiyo kwenye Kiswahili sanifu cha leo imetoweka lakini kwenye Kimakonde ipo, kwenye Kiyao ipo. Jisikilize siku ukiongea na bibi yako Newala, vitenzi vya mambo yaliyokwisha utausikia huo mwisho. Walaliye ni wamelala. Nani wamelala? Wa- inakupeleka kwa wana wa nyuni, makinda ya ndege, yako nyuma ya kitenzi tena kama wale mende. Na madaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea visahani, ni mahali. Muundo uleule wa mistari iliyokusumbua, na sasa unaujua. Ngeli, upatanisho, mtenda kukaa nyuma ya kitenzi, vyote hivyo umevinyonya kwenye Kimakonde kabla hujaingia darasa la kwanza.

Hadithi za nathari nazo zina ugumu wake, huko hakuna mizani ila kuna umbali. Mwandishi wa zamani anataja kiima mwanzo wa sentensi halafu anakupitisha kwenye vishazi tegemezi kadhaa kabla hajakupa kitenzi chake. Nimekutungia moja ya namna hiyo ufanyie mazoezi:

"Mtu aliyefika Mikindani zamani, wakati jahazi zilipokuwa zikingoja kusi bandarini, na ambaye hakuwa na ndugu wala mwenyeji wa kumpokea, angaliona, kama angalikuwa na subira ya kukaa hata jua lichwe, kwamba mlango wa kumpokea mgeni haukosekani."

Zungushia vitenzi vyote kama kawaida, halafu vichuje. Kitenzi chenye -ye-, -yo-, -po-, -o- ya urejeshi ndani yake, hicho ni cha kishazi tegemezi, kipige mstari. Kilichotanguliwa na ambaye, kipige mstari. Kilichotanguliwa na kama, kipige mstari, na lichwe iliyo baada ya hata nayo imo ndani ya kishazi hichohicho. Chenye -ki- au -japo- nacho mara nyingi hakisimami peke yake, na kilicho baada ya kwamba ni kishazi tegemezi vilevile ila hicho usikikate, kinakwambia kilichoonwa ni nini. Utabaki na angaliona. Nani angaliona? A- inarudi mpaka neno la kwanza kabisa, mtu. Mtu angaliona kwamba mlango wa kumpokea mgeni haukosekani. Hiyo ndo sentensi, yale mengine yote yanajibu mtu gani, lini, na kwa sharti gani. Ukishaipata hiyo fupi ndo unayarudisha moja moja, na utaona kila kimoja kinaingia bila kukuchanganya. Hiyo "hata" hapo ni mpaka, kama ya Mwana Kupona. Mwalimu wa sarufi atakwambia ni changamano na ina sharti ndani yake, sawa, andika hivyo kwenye pepa, ila kwa kusoma usianze kwa kuipa jina, anza kwa kutafuta kitenzi kilichobaki.

Kitu kimoja cha kuongezea ambacho naona hakisemwi darasani. Maandishi mengi ya zamani, beti za Mwana Kupona zikiwemo, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu na hayakuwa na mkato wala nukta kama tunavyoziweka leo. Alama unazoziona kitabuni kaziweka mhariri aliyekuja baadaye, kwa jinsi alivyoelewa yeye. Kwahiyo ukikuta mkato umekata mahali ambapo viambishi vinakwambia sentensi inaendelea, amini viambishi. Kwenye hadithi za zamani kazi ya nukta inafanywa na maneno kama basi, kisha, hata, na ile -ka- inayofuatana, akaja akakaa akasema, ambayo mwanzo wake uko kwenye kitenzi chenye -li- huko juu. Ukiona "basi" mwanzo wa mstari jua mara nyingi habari nyingine inaanza.

Na soma kwa sauti. Tenzi zilitungwa zighaniwe mbele za watu, waliozisikia wengi hawakuwa na karatasi mkononi na walielewa. Sauti inakuonyesha mahali pa kupumua, na ukipumua kabla ya "sikupata" sikio lenyewe linakwambia hapa kuna jambo lingine.

Baba watoto usigombane naye, anaona unateseka na anatafuta pa kukupunguzia, ndo kazi yake. Mpe sehemu. Jioni watoto wakilala msomee ubeti mmoja kwa sauti, na yeye kila ukifika kwenye kitenzi akuulize neno moja tu, "nani?" Hahitaji kujua Kiamu, ile lahaja ya Lamu, wala fasihi, na wewe kama huna jibu la haraka utajua hapohapo ni wapi hujaelewa. Na huyo wa Newala mwenzako mwite mkae wote, naye anahitaji.

Ubeti wa kuanzia huu hapa, ni wa Mwana Kupona vilevile. Ndoo ni njoo, mbee ni mbele, ujilisi ni uketi, mengine yote unayo:

Ndoo mbee ujilisi
na wino na karatasi
moyoni nina hadithi
nimependa kukwambia

Nataka unijibu vitenzi ni vingapi, ni kipande gani mwenye kitenzi anabadilika kutoka wewe kwenda mimi, wino na karatasi ni vya kitenzi kipi, na kwenye kukwambia kuna kiambishi kinachomtaja mtu, huyo mtu ni nani. Usiandike maana kabla hujamaliza hayo manne.